Daftari la Vipimo

Nilimshonea Kitavi suti saba kabla ya Wageni kushuka,
na moja baadaye.
Shingo inchi kumi na saba na nusu. Kifua arobaini na nane.
Bega la kushoto limeinama kidogo,
bega la mtu aliyebeba magunia ya makaa utotoni
kisha akaajiri watu wa kusahau kwa niaba yake.

Mtaa wa Biashara, ghorofa ya tatu,
ngazi inanuka gundi ya viatu.
Angeweza kuvaa za ng'ambo. Alikuja kwangu
kwa sababu, alisema, fundi haongei
akiwa na pini mdomoni.

Walipotanda juu ya vilima vya Ngong,
weupe kama maganda ya yai, bila taa, bila mngurumo,
sisi tulijaza mitungi na kufunga maduka.
Yeye alituma keki.
Malori matatu ya keki, na mwaliko wa herufi za dhahabu.
Redioni akatuambia: mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hakusema mwenyeji yupi.

Siku ya tatu ilipofika
jembe lilitolewa kweli, kama methali inavyotaka,
ila tulikabidhiwa sisi.
Bustani ya Uhuru ikachimbwa hadi kwenye mwamba.
Embakasi hawakuliona jua tena kabla ya saa sita.
Na mto Nairobi, uliotushinda kuusafisha miaka yote,
ukanywewa kwa mkupuo mmoja,
mweusi hivyo hivyo, pamoja na chupa zake.

Jumatano akaja peke yake, bila walinzi.
Akapanda juu ya stuli, akanyoosha mikono
kama mtoto anayejaribishwa sare ya shule.
"Fundi, lile daftari lako la wateja lipo?"

Miaka thelathini na mmoja. Majina, vifua, viuno,
urefu wa mguu kwa ndani. Maharusi wa Pangani,
mahakimu, wahubiri, kwaya nzima ya Makadara,
marehemu kadhaa, maana nao huvikwa.

"Wanataka kujua tu watu wana ukubwa gani."
Nikachomoa pini. "Wa nini?"
"Mambo ya makasha. Sikuuliza zaidi.
Ukiuliza sana, zabuni inakwenda kwa mwingine."
Akaweka juu ya cherehani fungu la pesa
ambalo lingenunua jengo zima, na vyoo vyake.

Nikarudisha pini mdomoni.

Sitajitetea. Kodi ilikuwa ya miezi minne,
na Apiyo wangu alikuwa anakohoa damu Mbagathi.
Nililiuza.
Lakini usiku ule, kabla ya kulikabidhi,
niliwasha kandili, nikachukua kifutio na penseli,
nikaongeza inchi hapa, nikapunguza pale.
Kwaya ya Makadara nikaifanya majitu.
Mahakimu nikawarudisha uchanga.
Mkono uliuma hadi alfajiri.
Ukurasa mmoja tu niliuacha ulivyo.

Makasha yaliwasili Jumapili,
yakapangwa Barabara ya Jogoo kutoka mwanzo hadi mwisho.
Watu walisukumwa ndani, wakatolewa,
huyu miguu nje, yule anaelea kama punje kwenye debe.
Wageni hawakukasirika. Hawajui hasira.
Walijaribu kasha baada ya kasha
mpaka wakafika kwenye moja la pembeni:
shingo kumi na saba na nusu,
kifua arobaini na nane,
na upande wa kushoto kibonde kidogo cha bega.

Walioshuhudia wanasema alicheka kwanza,
akawaonyesha saa yake, akataja mkataba, akataja kifungu.
Alikuwa amevaa ile ya nane.
Vifungo vya mikono nilikuwa sijavikaza.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini asubuhi hii nimesikia hatua ngazini,
nyepesi, hazina visigino.
Sasa wamesimama mlangoni, watatu,
mmoja ameshika futi ya fundi, ameishika kinyume,
anaininyooshea kwa adabu
kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Apiyo amelala nyuma ya pazia.
Pini ziko mezani, kwenye kisahani.
Nazitazama.